Udongo wa Ruhusa

Ukitaka kumfurahisha Nestory Chenge, muulize habari za udongo. Atavuta kiti, atasafisha koo, atakusimulia kwa madaha yote jinsi Warumbi, kabila dogo la kijijini kwao, wanavyokuja mpaka leo nyumbani kwake kuomba ruhusa ya kuzika wafu wao. Utemi ulifutwa zamani, mara tu baada ya uhuru. Babu yake, mtemi Chenge, alishaoza, na ngoma zake zimeliwa na mchwa. Lakini pale Nyamirongo, ukitoka Usagara ukashuka kuelekea ziwani, Mrumbi akifiwa lazima afike kwenye uwanja wa Chenge. Nestory huliita jambo hilo urithi, na kila akilisimulia linanenepa kidogo.

Lenyewe linakwenda hivi. Wafiwa wanakuja asubuhi, watatu au zaidi, wanavua viatu kwenye uzio na kuvishika mkononi. Wanaume wanavua kofia, wanawake wanateremsha kanga kutoka kichwani hadi mabegani. Wanakaa chini, si kwenye mkeka, chini kabisa. Mkubwa wao anasema, "Tumekuja wageni wako. Tumefiwa, hatuna pa kumlaza mtu wetu. Tunaomba udongo." Mwenye nyumba hajibu upesi, maana ni lazima kwanza awaache wasikie jua. Kisha anauliza, "Nani aliyewakaribisha hapa?" nao wanajibu, "Ni wewe, mtemi." Hapo binti mkubwa wa nyumba anainama, anachota udongo wa uwanjani, anawamwagia viganjani. Wanashukuru, wanaondoka kwenda kuzika Itare, ile rasi ya mawe makubwa iliyoingia ziwani, ambako Warumbi wamelala tangu siku ambazo hakuna mtu anayezikumbuka.

Binti mkubwa wa nyumba, tangu mama yao afariki, alikuwa Justa, mdogo wake Nestory. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza na historia, mjane, mkazi wa Mkolani, mwanamke wa miwani na sauti ya darasani. Alishachota udongo ule mara nne. Na tuseme ukweli, alikuwa akijisikia. Aliwahi hata kuwafundisha wanafunzi wake kwamba huo ni mfano wa makabila kuheshimiana, kubwa na dogo, bila kufundishwa na mzungu. Wanafunzi wakaandika kwenye madaftari. Akilikumbuka hilo sasa, anatamani awazungukie nyumba kwa nyumba awanyang'anye madaftari yale moja moja.

Kilichomzibua macho kilitoka kwenye sanduku la bati la Ramesh. Ramesh alikuwa na duka la vitambaa mjini Mwanza, alilorithi kwa baba yake, na binti yake Bhumika alipita mikononi mwa Justa kidato cha kwanza hadi cha nne. Sasa duka limefungwa, na mzee alikuwa anakusanya vitu vyake ahamie kwa binti huyo Dar es Salaam. Jumatatu asubuhi alimpigia Justa simu akamwomba apite.

"Shikamoo, Baba Bhumika."

"Marahaba, mwalimu. Kaa hapo. Leo chai nakupa baadaye. Kuna kitu usome kwanza, halafu utaniambia kama chai itapita."

Babu yake Ramesh alikuwa karani wa bomani enzi za Mwingereza. Kila barua aliyoipiga taipu alitia karatasi moja ya ziada chini ya kaboni, akaenda nayo nyumbani, kwa sababu alijua wakubwa wakisahau jambo humsingizia karani. Sanduku lilikuwa limejaa nakala hizo. Ramesh akamkabidhi kurasa mbili zilizopata rangi ya tumbaku, za mwaka 1931. Bwana Shauri wa wilaya alikuwa anamwandikia mkubwa wake wa jimbo, akimweleza namna alivyowapanga watu wa makundi madogo.

Justa alianza kusoma amesimama. Kiingereza chake hakikuhitaji kamusi.

"Warumbi hawana mtemi," aliandika yule bwana. "Nimetafuta miezi minne mtu wa kupeana naye mkono, nimeambulia wazee kumi na wanne wanaobishana kuzunguka moto wa mhunzi. Kumtafutia kila mkubwa kikundi chake na kila kikundi mkubwa wake ni kazi isiyokwisha. Kwa hiyo nimeamua wawe wageni. Nimewaandika chini ya Chenge, ingawa Chenge mwenyewe anakiri kwamba wao ndio waliotangulia kufika."

Nimeamua wawe wageni. Justa akairudia sentensi hiyo mara tatu. Mtu ameamka, amekunywa chai yake ya maziwa, ameamua watu wawe wageni kwao, na amekwenda kula chakula cha mchana. Wala hakuwa na hasira nao. Aliandika kwa utulivu wa mtu anayepanga kuku bandani, huyu huku, yule kule, na mlango ufungwe vizuri.

Ukurasa wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Ili jambo liwakae Warumbi kichwani, alisema, ni vizuri liwe na sherehe yake. Aliwahi kutumikia serikali mpakani kaskazini mwa India, na huko aliona kabila dogo likiomba udongo wa kuzikia kwa kabila kubwa, miguu mitupu, viatu mkononi. "Desturi hiyo tuliiweka sisi, na nilipoondoka walikuwa tayari wanaitetea wenyewe. Ikirudiwa kwenye misiba miaka ishirini, hakuna atakayekumbuka ilianza lini." Halafu akaandika yaliyomhusu Chenge. "Mwanzoni mtemi aliona haya, akakataa. Nikamwambia heshima hiyo nitampa mtemi wa jirani. Siku ya pili alikuja mwenyewe kuniuliza viatu vivuliwe wapi."

Justa akakaa. 

"Endelea," alisema Ramesh. "Sisi tuko chini."

Chini kulikuwa na dini na Wahindi. Moto wa Warumbi, ambao waliuombea kabla ya kufua majembe, ulizimwa kwa sheria ya uchawi. Wao wenyewe wakagawanywa kwa wamisheni, wa upande wa ziwa kwa Roma, wa upande wa barabara kwa Waprotestanti, "wasichanganywe, maana wanaosali pamoja huzungumza pamoja." Na Wahindi waachwe wafanye biashara ila wasipewe shamba hata moja, wapewe mahali pao pa kuchomea maiti, mbali, ili watu wakipata hasira wawe na wa kumkasirikia aliye karibu kuliko serikali.

"Babu alipiga taipu hayo kwa vidole vyake," alisema Ramesh. "Hayo ya kwetu. Nimeangalia, hakukosea hata mahali pamoja." Akacheka kicheko kisicho na raha. "Na huko yule bwana alikojifunza kazi, mwalimu, ni kwetu vilevile. Alijifunzia kwetu, akaja kuimalizia kwenu."

"Kwa nini hukunionyesha siku zote hizi?"

"Sikujua kama ipo. Nilidhani sanduku lina risiti. Chukua, mimi nakwenda kukaa kwenye fleti, hawataki makaratasi. Wewe utajua pa kuipeleka."

Justa aliomba maji, lakini hakunywa. Alinawia mikono.

Pa kuipeleka palikuwepo, na haraka ilikuwepo. Wapima ardhi wa wilaya walikuwa wameshafika Nyamirongo na mashine zao za miguu mitatu, na mwisho wa mwezi kila kipande kingeandikwa jina la mwenyewe. Itare ilikuwa imeandikwa mara mbili. Warumbi waliiandikisha kuwa makaburi yao, na mzee wao Yakobo ndiye aliyeweka dole gumba. Nestory akaiandikisha kuwa mali ya ukoo wa Chenge, maana kuna mtu wa hoteli aliyependa jinsi jua linavyozama pale. Hoja ya Nestory ilikuwa moja tu. Mwenye ardhi haombi udongo. Wanaoomba ni wageni, na Warumbi wameomba siku zote, kijiji kizima ni shahidi.

Sasa Justa alikuwa na karatasi inayosema ni nani aliyewaombesha.

Jumanne alipanda gari hadi Usagara, akachukua bodaboda, akashuka kwenye njia panda ya Nyamirongo ili atembee kidogo apange maneno. Njia ile inapita kwanza kwa Yakobo ndipo ifike kwa Chenge. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, amejifunika blanketi juani, kifua kikimkorota, na mkewe Evelina amechuchumaa mbele yake na bakuli. Yakobo ndiye aliyewaongoza Warumbi kuomba udongo miaka arobaini. Justa alimmwagia udongo viganjani mara zote nne.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu," alisema Yakobo. "Karibu uji."

"Asante, baba. Nawahi kwa kaka, nina neno naye. Nitapita nikirudi."

Na karatasi ilikuwa kwenye pochi, chini ya kwapa lake. Haikumjia hata kidogo kwamba angeweza kuitoa pale. Neno la nyumbani linaanzia kwa mkubwa wa nyumba, ndivyo alivyolelewa. Kaka akiliona, ataona haya, ataondoa jina lake kwa heshima, na aibu itaishia ndani bila majirani kuinusa. Ndivyo alivyojipangia, na alijiona ana busara.

Nestory alikuwa kibarazani, koti la suti juu ya msuli, redio pembeni. Ni bwana kilimo mstaafu, Kiingereza anakijua. Justa alimwamkia, wakaulizana habari za watoto, ndipo akampa kurasa zile. Akazisoma polepole, midomo ikichezacheza. Justa alikuwa anamtazama usoni akingoja ule uso uanguke.

Ulichanua.

"Mdogo wangu," alisema Nestory, "unajua umeniletea nini?"

"Nimekuletea aibu yetu, kaka."

"Umeniletea hati."

"Kaka, soma vizuri. Anasema wao ndio waliotangulia. Babu mwenyewe alikiri."

"Nimesoma. Anasema pia wameandikwa wageni. Wapima ardhi hawaulizi nani alitangulia, wanauliza nani ameandikwa." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Hapa kuna serikali. Hapa kuna mwaka. Miaka tisini na zaidi, Justa. Hao wanasheria wa mjini wanatafuta kitu cha namna hii kwa tochi."

"Lakini udongo ni uongo. Ameutoa India. Ni mchezo wa mzungu mmoja, na sisi tumeucheza miaka yote kama wehu."

"Kila desturi ina siku ilipoanza."

"Babu aliona haya. Imeandikwa hapo, aliona haya."

"Ikamtoka," alisema Nestory.

Justa alimtazama kaka yake, yule aliyemvusha mito mgongoni akiwa mdogo, aliyemlipia ada baba yao alipoanguka, akaona kwa mara ya kwanza jinsi shingo yake ilivyonona, mikunjo mitatu juu ya kola, na jasho limekaa ndani ya mikunjo. Kinyaa kilimpanda akashindwa kukificha. Nestory hakukiona. Alikuwa anaukunja ukurasa wa pili.

"Huu wa India hauna maana, unachanganya tu watu. Huu wa kwanza nitautolea kopi Usagara. Kinachotakiwa sasa ni ushahidi wa leo, mwenyekiti wa kijiji aone kwa macho yake, arekodi kwenye simu, wakisema wenyewe kwamba ni wageni." Akashusha sauti. "Na mzee Yakobo hali yake si nzuri, nasikia."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua haiko mbali. Justa alinyoosha mkono achukue karatasi zake, naye kaka akazitia mfuko wa ndani wa koti na kuuliza kama amekula. Mkono ukabaki umenyooka hewani. Hukwapui kitu mikononi mwa kaka yako mkubwa. Hilo nalo alilelewa hivyo.

Alirudi kwa njia ya majaruba ya mpunga ili asipite kwa Yakobo. Angemwambia nini, wakati karatasi imebaki kule? Jumatano na Alhamisi alikaa Mkolani akifua vitu vilivyokuwa safi, akingoja kaka apige simu aseme amefikiria upya. Kaka hakupiga. Ijumaa mchana alipiga Obedi, mtoto wa Yakobo.

"Mwalimu, mzee ametutoka."

Jumamosi Justa alifika Nyamirongo jua likiwa bado chini, amedhamiria kwenda moja kwa moja msibani amzuie Evelina asije kuomba. Hakufika. Mwenyekiti wa kijiji alimkuta njia panda na pikipiki, akamwambia kwa adabu kwamba mzee Nestory amemtuma amchukue, shughuli inaanza mapema. Akapanda. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alipanda, na jibu lilikuwa lilelile la kuchefua, kwamba aliitwa vizuri.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Nestory amevaa suti kamili na kiti kimewekwa kivulini. Mwenyekiti alitafuta pembe nzuri, akasogeza ndoo iliyokuwa inaharibu picha, akaelekeza simu yake. Warumbi wakaja saba, Evelina mbele na Obedi nyuma yake, viatu mkononi. Evelina alikuwa na ndala za bluu, kamba ya moja imeungwa kwa waya. Akateremsha kanga. Nywele zake nyeupe hazikuwa zimesukwa, maana ana siku moja tu ya ujane. Akakaa chini.

"Tumekuja wageni wako," alisema. "Tumefiwa, hatuna pa kumlaza mtu wetu. Tunaomba udongo."

Nestory akanyamaza. Alinyamaza kuliko siku zote. Jua likawapiga wale watu saba utosini, inzi akatua kwenye shavu la Evelina akatembea mpaka karibu na jicho, na Evelina hakumfukuza kwa kuwa mikono inatakiwa ikae magotini. Mwenyekiti alisogea karibu ili sauti isikike.

"Nani aliyewakaribisha hapa?"

"Ni wewe, mtemi."

"Sema tena, mama, gari lilikuwa linapita," alisema mwenyekiti.

"Ni wewe, mtemi."

Ikawa zamu ya Justa. Badala ya kuinama alisogea katikati ya uwanja, akaongea kwa sauti ya darasani.

"Hakuna aliyewakaribisha. Ninyi ndio mlitangulia. Mambo haya yaliletwa na Bwana Shauri mwaka 1931, aliyatoa India, akawaandika wageni kwa sababu alikosa mtu wa kupeana naye mkono. Karatasi ipo, nimeisoma. Babu yetu aliijua kweli akaona haya. Anayo kaka, iko kwenye koti hilo."

 Nestory hakukasirika hata kidogo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Dada yangu ameguswa sana na msiba huu," aliwaambia watu. "Amemzoea mzee Yakobo tangu utoto. Mtamsamehe."

Justa akamgeukia mwenyekiti. Simu ilikuwa imeshushwa, kioo cheusi. Ilikuwa imeshapata ilichokitaka kwenye "ni wewe, mtemi", na yote aliyoyasema yeye yalikwenda na upepo. Mwenyekiti alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Akarudisha macho kwa Evelina, akitegemea, sijui kwa nini, kwamba mama yule atasimama, atavaa ndala zake, atatema mate. Evelina alikuwa bado chini, viganja viwili vimefumbuliwa mbele yake.

"Justa," alisema polepole. "Nipe udongo. Mtu wangu yuko juani."

Jeneza lilikuwa njiani nyuma ya uzio, juu ya mabega ya vijana, na kwenye njia ya Itare Nestory alikuwa ameweka watu wake wawili wenye fimbo. Basi Justa akainama. Akachota. Akammwagia Evelina viganjani kama alivyommwagia mumewe mara nne, na udongo mwingine ukamshika kwenye jasho la vidole, na Evelina akasema asante kama inavyotakiwa. Nestory aliondoka kwenye kiti kwenda kumsindikiza mwenyekiti.

Walizika kabla ya saa sita. Itare kaburi halichimbwi kina, mawe hayaruhusu, hivyo mtu analazwa kwenye ufa na kufunikwa kwa udongo na kokoto. Warumbi wa Roma walisimama upande wa ziwa, Warumbi Waprotestanti wakasimama upande wa barabara, kila kundi na kitabu chake cha nyimbo, wakingojana zamu. Hawakuwa na ugomvi wowote. Ndivyo wanavyosimama, ukiwauliza watakwambia wamekuta hivyo. Justa aliwaangalia walivyojipanga, watu wa damu moja wametenganishwa na kaburi la baba yao, na yule bwana aliyewapanga hajulikani hata kaburi lake liko nchi gani. Akaona afadhali aangalie maji.

Watu walipoanza kutawanyika Evelina alikuja akakaa kwenye jiwe karibu naye.  Wanawake walikuwa wananawa miguu ukingoni.

"Yale uliyoyasema pale uwanjani," aliuliza Evelina, "ni ya kweli au ni uchungu tu?"

"Ni ya kweli, mama. Nimeyasoma kwa macho yangu. Ameandika mzungu mwenyewe."

"Na hilo la kwamba sisi tulitangulia?"

"Limeandikwa."

Evelina akaitikia kwa kichwa. "Yakobo alikuwa analisema. Baba yake alimwambia siku za mwisho, jambo hili la udongo si la mababu, limeanza mimi nikiwa kijana na akili zangu. Basi Yakobo akawa anaitafuta hiyo karatasi. Amekwenda Misungwi, amekwenda Mwanza sijui mara ngapi, mpaka Dodoma amefika. Wanamwambia mzee, hakuna kitu kama hicho, rudi nyumbani. Watoto wetu wenyewe wakawa wanamcheka. Huyu Obedi alikuwa anamwambia, baba, kuomba udongo ni mila yetu, mbona unataka kutuvunjia mila."

Obedi alikuwa amesimama hatua chache, amesikia, akainamisha kichwa.

"Siku zote alizokuja kwenu," aliendelea Evelina, "alikuwa akirudi anakaa nje hali chakula. Namuuliza, anasema, najua ni uongo ila sina shahidi." Akaokota kokoto, akaisogeza juu ya kaburi mahali palipobonyea. "Iko wapi hiyo karatasi?"

"Kwa kaka."

"Ukampa yeye."

"Nilidhani akiiona ataona haya."

"Kwa hiyo ulikwenda kwa mtemi kwanza," alisema Evelina. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. Miezi minne yule bwana alizunguka akiwapita watu, akitafuta mkubwa wa kupeana naye mkono. Justa alihitaji asubuhi moja tu.

"Uliipata lini?"

Angeweza kudanganya. Angesema jana jioni, na mama yule angekwenda nyumbani akalala. Uongo ulimfika mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa ameshiba uongo wa ukoo wake kiasi cha kutosha.

"Jumatatu," alisema.

Evelina aliitazama rasi yote, mawe na nyasi na vigingi vyekundu vya wapima ardhi vilivyokwisha kupigwa pembeni. Kisha akainuka, akajifunga kanga.

"Jumanne ulipopita alikuwa anakunywa uji," alisema. "Masikio yake yalikuwa mazima mpaka Alhamisi jioni."